Uzi wa Magodoro Ukutani

Mimi shule niliiacha darasa la sita, na mpaka leo haijatuma mtu kunitafuta, kwa hiyo tuliachana kwa amani. Barabara ndiyo iliyonisomesha. Milima ya upande wetu huu nimeipanda yote, mingine kwa miguu, mingine kwa gari, na iliyobaki kwa maneno. Lakini leo sijisifu, wapwa zangu. Kama sifa zitanidondoka njiani, ziokoteni mnirudishie. Leo nawaeleza habari za mdogo wangu wa kike, mshona mifuko, na siku aliyopanda mlima yeye ambaye akitaka kubadilisha balbu humwita mtu amshikie kiti, na mwingine amshikie yule aliyeshika kiti.

Tangu utotoni alikuwa hivyo. Nyumbani tulikuwa na kitanda cha ghorofa, mimi juu, yeye chini, na kila nikijigeuza alikuwa ananibembeleza nitulie, eti mbao zinalia. Nikipanda paani kufuata mpira, yeye husimama uani amefumba macho, kana kwamba nikianguka bila yeye kuniona sitaumia. Na msidhani alikuwa akijihofia mwenyewe. Hapana. Yeye aliogopea watu. Wengine huzaliwa na sauti nzuri, yeye alizaliwa na hofu ya wenzake.

Alipokua alifundishwa kazi na fundi viatu mmoja wa mtaani, mzee mwenye cherehani zito la kushonea ngozi. Macho ya mzee yalipochoka, cherehani likahamia kwake. Lipo mpaka leo kwenye chumba cha mbele, mlango wazi barabarani, na ukipita pale utalisikia linavyokohoa. Anashona mifuko ya mgongoni, anatia viraka mahema, anabadilisha zipu, anashona mikanda. Wateja wake wakubwa ni watu wa mlimani: waongozaji, wapagazi, na wageni wanaosafiri kutoka mbali ili waje kuchoka. Mlima wenyewe yeye aliuona kwa dirisha la jikoni siku zisizo na mawingu, akavuta pazia.

Sasa sikilizeni jambo moja la kazi yake, maana bila hilo hamtanielewa. Nyuzi zake nene ni za aina mbili. Upo wa nailoni, wa mifuko na mikanda. Upo wa pamba, wa kuzungushia kingo za magodoro. Zote nyeusi, zote nene sawa, na ukizilaza mezani hata malaika atakuomba miwani. Ndiyo maana yeye, kila akimaliza mshono, huchoma ncha ya uzi kwa kiberiti cha gesi. Nailoni huyeyuka ikafanya kishanga kidogo, naye hukibonyeza kwa kidole gumba kikashika. Pamba haiyeyuki, huwaka ikawa jivu. Kidole gumba chake kimebonyeza moto miaka mingi mpaka kimekuwa kigumu kama kwato. Nilikuwa namwambia siku akifa tukitoe tukifanye kifungo cha koti.

Ana binti mmoja. Jina lake analo, lakini mimi nilimpa la Mbuzi, kwa sababu tangu alipojua kutembea alikuwa haonekani chini. Umtafute uani, yuko juu ya tangi la maji. Umtafute chumbani, yuko juu ya kabati. Mama yake alikuwa anazunguka naye akiwa ametandaza kanga kama mtu anayesubiri embe lianguke. Na mtoto wa namna hiyo akikua unadhani atafanya kazi gani? Akaenda mlimani. Alianza kubeba mizigo, akapanda cheo, na mwaka ule akapewa kazi ya msaidizi wa kiongozi, kwenye safari za wageni wanaopanda lile jabali tunaloliita Ukuta. Jabali lile limesimama wima. Unalipanda ukiwa umefungwa kamba kiunoni, kwenye mkanda mpana unaopita na mapajani, wenye kitanzi mbele. Kamba inafungwa kwenye kitanzi hicho. Kwa maneno mengine, roho yako inaning'inia kwenye mshono.

Jioni moja kabla ya safari, Mbuzi aliingia na mkanda mmoja ambao kitanzi chake kilikuwa kimeanza kufumuka. Mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya furushi la turubai nakunywa chai yao.

"Mama, nishonee hapa. Gari linanisubiri njiani."

"Lisubiri. Na wewe usiende."

"Tumeshaongea hayo."

"Wewe ndiye uliyeongea. Mimi nilikuwa nalia."

Basi wakaanza. Mama anashona huku anagomba, binti amesimama juu yake anatikisa mguu, huko nje dereva anapiga honi. Mdogo wangu alikuwa anakanyaga cherehani kwa hasira kama anakanyaga nyoka. Alipofika mwisho akanyoosha mkono kutafuta kiberiti, lakini Mbuzi alikuwa ameshainama, akaukata uzi kwa meno, akaubwaga mkanda begani.

"Inatosha, mama. Imeshika."

Akaondoka. Hawakuagana vizuri. Mama alibaki ameshika kiberiti mkononi, hana cha kuchoma.

Kesho yake walipanda hadi kambi ya chini. Asubuhi iliyofuata mimi nilipita kwa mdogo wangu kusalimia, maana chai ya asubuhi ni haki ya mjomba. Nilimkuta mdogo wangu amekaa kwenye cherehani, mbele yake pindo la godoro alilokuwa amelilaza tangu kabla ya ugomvi ule. Alikuwa ameshika kipande cha uzi mkononi. Alikichoma. Kikawaka, kikawa jivu. Akavuta kingine kutoka kwenye koni iliyo juu ya cherehani. Jivu.

"Hiyo si ya magodoro?" nikamwuliza.

 Aliinama akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni, chini ya kiti alichokalia siku ile, anavichoma kimoja kimoja. Vyote vikawa jivu. Ndipo akanitazama.

"Kaka, sikubadilisha uzi. Nilikuwa nashona godoro, akaingia, nikaanza kugombana. Sikubadilisha uzi."

Wapwa zangu, mimi ni mtu wa maneno, mnanijua. Siku ile niliyatafuta nikakuta nayo yameshakimbia.

Alipiga simu. Namba haipatikani, kule juu hakuna mtandao. Akapiga kwa kiongozi, vilevile. Akapiga kwenye lango la mlima, ikaita mpaka ikachoka. Akamwamsha mumewe. Shemeji yangu ni mwoka mikate, hurudi asubuhi akiwa mweupe kwa unga, analala kama gunia. Ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza upande gani. Lakini siku ile alikaa kitandani akasema, "Wanapanda Ukuta saa ngapi?"

"Leo mchana. Asubuhi wanawafundisha wageni kwenye mawe madogo."

"Basi mnafanya nini hapa?"

Nina gari aina ya pikapu. Naliita Bibi Harusi, kwa sababu haliondoki nyumbani bila kusukumwa na ukoo mzima. Shemeji alisukuma na unga wake, majirani wakasukuma, likapiga chafya tukaondoka. Mdogo wangu alikuwa amefunga kwenye ncha ya kanga koni ya nailoni, sindano kubwa, kidude cha ngozi cha kusukumia sindano, na kiberiti.

Ile barabara mimi naijua kama mdomo wangu. Ila sijawahi kuiendesha nikiwa nimekaa na mtu wa aina ile. Alikuwa anakanyaga sakafu upande wake kila kona, kwa hiyo gari lilikuwa na breki mbili, na ya kwake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikienda pole ananiambia, "Kaka, tunachelewa." Nikikanyaga mafuta ananiambia, "Kaka, utatuua kabla hatujafika." Nikamwuliza anataka mwendo gani. Akasema anataka tuwe tumeshafika.

Halafu akaanza kuchoma uzi. Anavuta nailoni kidogo kutoka kwenye koni, anachoma, anaangalia kishanga, anatupa. Anavuta tena.

"Utaumaliza uzi wote."

"Nataka kuhakikisha."

"Umeshahakikisha tangu sokoni."

"Maisha yangu yote nimehakikisha, ila siku ile tu," akasema. Nikakaza macho barabarani.

Kwenye mwinuko mrefu unaofuata kupanda kwa kwanza, Bibi Harusi akachemka. Moshi ukatoka mbele. Nikasimama, nikafungua boneti, nikamwagia maji yaliyokuwemo kwenye dumu, hayakutosha. Nilikuwa natafuta la kusema, nikageuka, mdogo wangu hayupo. Yuko chini ya daraja, kwenye mfereji, maji yamefika magotini, anachota kwa viatu vyake mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua leo hakuna mzaha, kwa sababu ukingo wa mfereji ule ni wa kuteremka kwa mikono, na yeye ngazi ya nyumbani kwangu huteremka kinyumenyume.

Langoni tukamkuta mlinzi anakula, simu yake ameichomeka chaji chumba kingine.

"Kundi la Ukuta? Wako juu tangu jana. Mimi siruhusiwi kuacha lango." Halafu akanitazama kwa makini. "Mzee, wewe si yule aliyeteremshwa kwa machela mwaka ule, ukiimba?"

Nikamwambia amenifananisha. Watu wenye sura nzuri hufanana.

Tukaanza kupanda. Sitawadanganya, mguu wangu wa kushoto ulikuwa na ajenda zake. Njia ile inaanza pole ndani ya miti, halafu inakuwa ngazi za mizizi, halafu mizizi inaisha unabaki wewe na mawe. Kuna mahali njia inapita kwenye ukingo, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hakuna kitu, hewa tu. Mdogo wangu alifika pale akasimama.  Nikasema moyoni, hapa ndipo tutakaporudi nyuma.

"Nishike kanga," akasema.

"Nikushike nisikuachie?"

"Ushike tu. Ukianguka uiachie."

Akapita ameegemea mwamba kwa kifua, anasogea upande kama kaa, macho yakiwa wazi. Mimi nyuma yake nimeshika ncha ya kanga kama mtoto anayevushwa barabara. Msimwambie mtu hilo.

Tulipotokea kwenye uwanda chini ya Ukuta, jua lilikuwa limeanza kuegemea. Kulikuwa na wageni watatu wamekaa kwenye mawe. Kiongozi, mtu mrefu asiyesema sana, amesimama ameshika kamba inayopanda juu, inapita kwenye chuma kilichopigiliwa kileleni, inarudi chini. Na pembeni, miguu yote miwili ardhini, amesimama Mbuzi.

Mdogo wangu alikaa chini palepale. Mbuzi akaja mbio.

"Mama? Mjomba? Nani amekufa?"

"Mkanda wako uko wapi?" mama yake akauliza.

"Upi?"

"Niliokushonea."

Mbuzi akatabasamu, na tabasamu lile sitalisahau. "Nimempa mgeni. Daktari wa meno. Ni mnene kidogo, nikasema avae uliotoka kwa mama, ndio imara kuliko yote."

Tukainua macho. Juu kabisa, karibu na kilele, kulikuwa na bwana mmoja mwenye shati la njano, amejibandika kwenye jiwe kwa mikono na miguu.

Nawaeleza hali ilivyokuwa. Mtu akiwa anapanda, kamba imelegea. Anashikwa na mikono na miguu yake. Akifika juu anaambiwa kaa. Anakalia mkanda, anaachia mikono, kiongozi anamteremsha taratibu. Yule bwana alikuwa amebakiza urefu wa mtu mmoja tu. Na mikono yake ilikuwa imechoka, tukaisikia sauti yake ikiteremka.

"Kiongozi, naweza kukaa kidogo nipumzike?"

Mdogo wangu akainuka, akamshika kiongozi mkono, akamweleza kwa maneno machache: uzi wa pamba, wa magodoro, unashika kitambaa, haushiki mtu. Uso wa kiongozi ukabadilika, lakini mikono yake haikutikisika.

"Usikae bado, daktari," akaita. "Simama vizuri, tunataka kukupiga picha." Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia Mbuzi azunguke njia ya nyuma ya jabali, achukue kamba ya pili, apande mpaka kileleni ampitishie kitanzi chini ya makwapa. Mbuzi alikuwa ameshaondoka kabla sentensi haijaisha, wageni wawili nyuma yake.

"Mwambie ukweli," akasema mdogo wangu.

"Mama," kiongozi akasema, "akijua atatetemeka. Akitetemeka atakaa."

"Asipojua atakaa akichoka. Na ameshachoka."

 Mdogo wangu akasogea mpaka chini ya Ukuta, akainua uso. Mtu ambaye hawezi kutazama dari bila kizunguzungu.

"Daktari," akaita, wala hakupiga kelele, "mimi ni mama yake msaidizi. Mkanda huo nimeushona mimi, na nimekosea uzi. Usiukalie hata kidogo. Binti yangu anakuja juu na kamba nyingine. Simama kwa miguu yako mpaka afike."

 Upepo ulikuwa unapiga shati la njano. Tukaona mguu wake mmoja umeanza kucheza, goti linatikisika lenyewe.

"Sawa, mama," ikaja sauti, nyembamba. "Ni mbali anakotoka?"

Hapo mdogo wangu akanigeukia. Na mimi, wapwa zangu, nikafanya kazi ambayo Mungu aliniumbia.

"Daktari," nikaita, "samahani kukusumbua ukiwa kazini. Nina jino."

"Nini?"

"Jino. La nyuma, chini, kulia. Nikinywa chai ya moto linaniita kwa jina."

 "Upande wa ndani au wa nje?"

Nikamweleza jino lile tangu lilipoota. Nikamweleza na la jirani yake, ambalo ni zima, ili asikose kazi. Aliniuliza kama linauma nikilala, nikamwambia linauma hata nikidanganya. Aliniuliza natumia mswaki gani, nikamtajia, akanigombeza akiwa ameling'ata jiwe kwa vidole, na goti lile likatulia kidogo. Mdogo wangu hakuwa anatusikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye kile kitanzi, kidoa cheusi juu ya tumbo la yule bwana. Midomo ilikuwa inakwenda. Nadhani alikuwa anashona upya moyoni.

"Mzee," daktari akasema ghafla, "vidole vinaachia."

Ndipo kichwa cha Mbuzi kikachungulia kutoka juu. Alikuwa amelala kifudifudi, wageni wawili waliomfuata wamemshika miguu. Kamba ikashuka, daktari akapitisha mkono mmoja, akasita, akapitisha wa pili. Wakavuta. Shati la njano likapanda ukingoni, likapotea.  Mimi nikagundua kwamba kweli jino linaniuma.

Waliteremka wote kwa njia ya nyuma. Kiongozi akamvua daktari ule mkanda, akafunga upande mmoja kwenye jiwe, akatia kamba kwenye kitanzi, tukavuta mimi na yeye. Haukupiga hata kelele. Ulifumuka tu, tii, kama bahasha. Wageni wakatazamana. Daktari alikaa chini muda mrefu akiangalia kitanzi kile.

Mdogo wangu akaenda akapiga magoti mbele yake. "Nisamehe, baba."

Daktari akajifuta uso. "Mama, mimi nimewahi kumng'oa mtu jino zima nikaacha bovu. Na yeye sikumwambia mapema kama ulivyoniambia wewe." Halafu akanigeukia. "Na wewe, mzee, uje. Hilo la nyuma silipendi."

Mbuzi alikuwa amesimama kando. Akaja akachutama karibu na mama yake.

"Mimi ndiye niliyeukata kwa meno."

"Mimi ndiye niliyeshona nikiwa na hasira."

Wakaishia hapo. Wale si watu wa hotuba. Za ukoo mzima nilichukua mimi.

Mdogo wangu akafungua ncha ya kanga. Akakaa juu ya jiwe, huko juu ambako ndege walikuwa wanapita chini yetu, akatoa uzi wa pamba wote kwa ncha ya sindano, akaanza kushona kwa mkono. Alishona akarudia, akashona akarudia. Alipomaliza alichoma ncha. Kishanga. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Akampa Mbuzi kiberiti, naye akachoma ncha ya upande wa pili, akabonyeza kwa kidole chake laini, akauma meno asilie. Kiongozi akaufunga kwenye jiwe, tukavuta mimi na yeye na daktari na wageni wote. Jiwe lilitaka kuja. Mkanda haukutaka.

Nikadhani sasa tunarudi nyumbani. Mbuzi akauchukua, akauvaa, akafunga kamba.

"Mwanangu, imetosha," mama yake akasema.

"Haijatosha, mama. Wageni wameona unafumuka. Lazima waone unashika. Na wewe pia."

Akapanda. Alipanda kama alivyokuwa akipanda kabati, bila kuuliza. Alipofika juu kabisa akatazama chini, akamtafuta mama yake kwa macho mpaka akampata. Kiongozi akakaza kamba. Mimi nilitazama viatu vyangu, maana vilikuwa vinahitaji kutazamwa.

Mbuzi akaachia mikono yote miwili, akakaa.

Mdogo wangu hakufumba macho.